"Kusikiliza watu si kazi": jibu kwa binti wa Katuba

Swali: Mama, jambo. Nina miaka 24, ninakaa mtaa wa Katuba, na niko mwaka wa tatu wa saikolojia na sayansi za elimu hapa UNILU, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, Kongo. Nataka kuwa mshauri wa familia, na pia wa kuelekeza vijana kwenye masomo na kazi. Baba yangu, aliyetoka Gécamines, kampuni ya Serikali ya migodi, mwaka 2003, anasema kusikiliza watu si kazi, hata bibi yake aliifanya bure chini ya mwembe. Mchumba wangu naye anaogopa kwamba nitabeba siri za mtaa mpaka ndani ya nyumba yetu. Je, mtu anaweza kuishi kwa kazi hii? Na wewe, imekufanya nini?

Jambo mwanangu,

Nianze na bibi wa baba yako, kwa sababu hapo baba amesema kweli. Bibi aliketi chini ya mwembe, akawasikiliza wana wa ndugu zake, na hakudai hata kuku. Lakini tazama alichokuwa nacho. Aliwajua wagomvi tangu wakiwa wananyonya. Akitamka neno, pande zote mbili zililiheshimu, maana kesho yake wangekutana naye kisimani. Na habari ya kazi haikuwa na maswali mengi: wa kwa wahunzi alifua chuma, wa kwa wavuvi alivua samaki.

Mji wetu wa Lubumbashi una asili nyingine. Ulianzishwa mwaka 1910 kwa sababu ya shaba, na watu walitolewa Kasai, Maniema, Rwanda, Burundi na ng'ambo ya mpaka, nchi inayoitwa Zambia leo. Bibi zao walibaki huko. Kuelekea mwisho wa miaka ya 1920 Union Minière, kampuni ya Wabelgiji ya shaba ambayo baadaye ikawa Gécamines, ilianza kutoa mikataba ya miaka mitatu na kuwahimiza wanaume waje na wake zao, na posho ikahesabiwa kwa mume, mke na watoto. Kuanzia hapo kampuni ndiyo iliyokaa kwenye kiti cha bibi. Iligawa nyumba, ikajenga shule na hospitali, na katika miaka ya 1950 ilikuwa hata na kituo chake cha saikolojia hapa mjini, kilichopima watoto na wafanyakazi ili kujua nani anafaa wapi. Mtoto wa kambini hakukesha akiwaza atafanya nini maishani. Halafu kampuni ikalegea, mishahara ikakosekana miezi kwa miezi, na mwaka 2003 wafanyakazi 10,655 wakaondoka katika mpango ulioitwa wa kuondoka kwa hiari. Baba yako yumo katika hesabu hiyo. Usiku ule katika kila nyumba ya hao watu palikuwa na mtoto ambaye baba yake hakuwa tena na la kumjibu akiulizwa, "Baba, nisomee nini?"

Mimi nimeikuta kazi yangu pale pale, katika nyumba hizo. Ndiyo maana nakuambia mapema: usikubali wakutenganishie mshauri wa familia na mshauri wa kazi kana kwamba ni watu wawili. Shuleni utapewa somo moja Jumanne na jingine Alhamisi. Ofisini kwako yataingia kwa mlango mmoja, yameshikana mikono.

Nitakueleza tukio moja kwa urefu, nikiwa nimebadilisha mambo ya kutosha ili wenyewe wasitambulikane. Ilikuwa baada ya TENASOSP, ule mtihani wa mwisho wa darasa la nane ambao watoto huufanya kabla ya kugawanywa kwenye matawi ya masomo. Baba mmoja alimleta mwanawe wa miaka 14 akiwa amemshika kifundo cha mkono. Alitaka aandikishwe hesabu na fizikia, kisha aende politekniki, awe injinia wa migodi. Kijana alikuwa ameniandikia kwenye karatasi neno moja: umeme. Alama zake za hesabu zilikuwa za wastani. Mikono yake ilikuwa na alama ndogo za kuungua, zile za mtu anayeshika chuma cha kulehemu nyaya bila mwalimu.

Mshauri mchanga hapo anamtetea mtoto. Anatoa alama, anatoa matokeo ya mtihani, anamfundisha baba haki za mtoto. Baba anatingisha kichwa kwa adabu, anaondoka, na mtoto anaandikishwa hesabu na fizikia Jumatatu. Mimi nilimwomba baba anieleze kazi aliyowahi kuifanya yeye mwenyewe. Alinyamaza kidogo. Kisha akasema alikuwa fundi umeme kiwandani miaka 19. Akaeleza mashine, akaeleza zamu za usiku, sauti ikapanda, akawa kijana. Alipofika siku ya kutia saini karatasi za kuondoka, sauti ikashuka. Kwa pesa alizopewa za kuondoka alinunua gari la taksi. Gari lilikufa kabla ya mwaka. "Mama," aliniambia, "umeme njo ulinitupa." Mwanawe alikuwa amekaa pembeni, na nilimwona akiinua macho. Miaka yote alidhani baba anadharau mikono yake. Kumbe baba alikuwa anakataa mwanawe asitupwe kwa njia ile ile aliyotupwa yeye.

Sikushauri chochote siku hiyo. Mara ya pili tulikaa watatu na daftari, tukaandika umeme wa leo unafanana na nini: sahani za jua juu ya mabati, betri, nyaya za nyumba zinazojengwa kila siku pembezoni mwa mji, kampuni ndogo zinazotengeneza pampu za migodi. Niliwatuma wakaongee na mafundi wawili, na wakapitie INPP kuuliza mafunzo ya muda mfupi, taasisi ile ya Serikali iliyoundwa mwaka 1964 kwa kazi hiyo hasa. Kijana alisoma umeme. Mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari alianguka mara ya kwanza, akapita mara ya pili. Leo anafunga sahani za jua kwa mfanyabiashara mmoja anayemlipa vizuri mwezi huu na vibaya mwezi ujao. Baba bado anasema politekniki ingekuwa bora. Lakini wanasemezana, na hilo halikuwapo walipoingia kwangu.

Darasani watakufundisha habari za Frank Parsons, Mmarekani aliyefungua ofisi ya kuelekeza vijana kwenye kazi huko Boston mwaka 1908. Alisema mambo matatu: mtu ajijue, ajue kazi zilizopo na masharti yake, kisha afikiri sawasawa jinsi hayo mawili yanavyokutana. Yashike, ni mazuri mpaka leo. Mimi kwa hapa kwetu nimeongeza la nne, nalo sikulipata kitabuni: ujue ni nani nyumbani aliyeumizwa na kazi gani. Bila hilo, vipimo vyote ulivyobeba vitakuonyesha nusu ya mtoto.

Na juu ya vipimo, angalia sana. Vingi vimeandikwa kwa Kifaransa, na watoto wetu wengi wanakisoma Kifaransa huku wakiwaza kwa Kiswahili. Nimeona mtoto akipewa alama ndogo ya kufikiri kwa sababu hakujua neno moja la swali. Msomee swali kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, kisha uone kama alama itabaki pale pale. Mtu mzima naye yuko hivyo. Mama ataanza na Kifaransa kwa sababu ofisi ina meza na kalamu, ataingia Kiswahili akichoka kujipanga, na lile lililomleta litatoka kwa Kiluba au Kibemba, kwa sauti ya chini, akiwa amesimama tayari kwenda. Jifunze kutomwahi mlangoni.

Kazi zenyewe utazijua kwa miguu. Mimi nina daftari nililoanza mwaka wa kwanza wa kazi, na sasa ni la kumi na moja. Naingia gereji, kiwanda cha mikate, saluni, duka la dawa, nauliza: uliingiaje, ulisoma wapi, mwezi mbaya unapata ngapi, nini kinakuumiza mgongo. Mwezi mzuri siulizi, huo watu wanausimulia wenyewe. Kijana akiniambia anataka uuguzi, sina haja ya kumpa hotuba. Namfungulia ukurasa.

Sasa ndoa. Wanaokuja kwangu wanasema wamegombana juu ya simu. Simu ni mlango tu. Nilikuwa na bwana mmoja mchimbaji wa mkono, anayekaa machimboni wiki nyingi na kurudi na pesa za mara moja, na mkewe anayeuza makala, yaani mkaa, barabarani. Kila mmoja nilimwomba aandike peke yake matumizi ya nyumba kwa wiki moja. Bwana hakujua bei ya gunia la makala ambalo mkewe analiuza. Mke hakujua kwamba kule machimboni bwana anamlipa mwenye shimo, anamlipa mwosha mawe, anawalipa na wengine asiotaka kuwataja. Walikuwa wakishukiana wizi kwa miaka sita. Karatasi mbili zilifanya kazi kuliko maneno yangu yote.

Ujue pia sheria, hata kama hutakuwa wakili. Sheria ya Familia ni ya 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Zamani mke alihitaji ruhusa ya mumewe ili afanye tendo la kisheria, kwa mfano kwenda mahakamani. Marekebisho yameliondoa jambo hilo, na bado nakutana na wanaume, hata na wanawake, wanaoishi kama halijatokea. Umri wa kuoa na kuolewa ni miaka 18 kwa wote wawili. Na wachumba walioandikisha ndoa kiserikali bila kuchagua namna ya kumiliki mali, sheria inawachagulia: kilichopatikana ndani ya ndoa ni cha wote. Wengi wanatoa mali kwa wazazi wa msichana, wanafanya sherehe ya kimila na ya kanisa, wanaacha ofisi ya komini, yaani ya serikali ya mtaa, kwa sababu ya haraka au gharama. Miaka kumi baadaye mume anafariki, ndugu zake wanakuja kuchukua mpaka masufuria, na mama hana karatasi. Wewe mwenyewe ukiolewa, mwanangu, nenda komini.

Hapa nifike kwenye jambo linaloniuma. Katika mwaka wangu wa pili wa kazi, mama mmoja kijana alikuja kunieleza kwamba bwana wake anampiga. Nilikuwa nimetoka Kisangani na diploma mpya. Enzi zangu ndiko tulikoenda, kwa kuwa mageuzi ya 1971 yalikuwa yamekusanya saikolojia na elimu kule, na safari ilikuwa treni mpaka Kindu, mashua mpaka Ubundu, kisha treni tena. Nilikuwa nimesoma Carl Rogers, mwanasaikolojia wa Marekani, na namna ya kumsikiliza mtu bila kumhukumu. Pamoja na hayo yote, siku hiyo mdomoni mwangu lilitoka neno la shangazi zangu: vumilia. Nikalifunika kwa maneno ya shule, lakini lilikuwa lile lile. Alirudi baada ya wiki tatu, mkono umefungwa kwenye kanga. Hakunilaumu. Aliniambia, "Nilivumilia, Mama." Tangu siku ile neno hilo sijalitumia kwa mtu anayepigwa. Ninachouliza kwanza ni: leo usiku utalala wapi, na watoto? Mengine yote yanangoja.

Kuna mahali ambapo kusuluhisha ni kosa. Watakuja wazee wa pande mbili, wamevaa vizuri, wakikuomba uwasaidie kupanga mambo ya msichana wa miaka 15 aliyepewa mimba. Wanataka faini ikadiriwe, mali itolewe, ndoa ifungwe, aibu iishe. Watakuambia wewe ni mtu wa amani. Sheria ya tarehe 20 Julai 2006 juu ya ubakaji na dhuluma za kingono iko wazi: aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Hilo halipangwi sebuleni. Linapelekwa hospitali na kwa wenye mamlaka ya kisheria. Nilikataa mara moja mbele ya watu niliokuwa nasali nao, na kwa miezi mingi benchi langu kanisani lilikuwa na nafasi pande zote mbili. Uliniuliza kazi imenifanya nini. Imenifanya hivyo pia.

Wachungaji na mapadri usiwaone kama wapinzani. Wengi wao wananitumia watu, nami nawatumia wengine, kwa sababu kuna huzuni inayotaka sala na mimi sina sala ya kuwapa. Tofauti yetu ni kwamba mchungaji anajua ndoa inapaswa kwenda wapi. Mimi ninapoanza, sijui. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Sasa pesa, maana baba yako atataka kusikia hilo kwanza. Usiishi kwa malipo ya wanandoa peke yake. Nasema hivyo baada ya kujaribu miezi minane na kuacha. Anayelipa anataka upande wake ushinde, na wewe ukiwa unangoja pesa zake za unga wa jioni, utaanza kulainisha maneno bila kujijua. Tafuta nafasi inayokulipa mahali pengine, ndipo uwe huru kumwambia mtu mbaya kwamba ni mbaya. Kwangu ilikuwa shule. Lakini fungua macho: shuleni unaweza kufundisha na kushauri miaka kadhaa kabla hujaingizwa kwenye orodha ya mishahara ya Serikali, yaani kabla hujawa mekanize, ukiishi kwa michango ya wazazi. Siku unapoanza kazi, siku hiyo hiyo peleka nakala za karatasi zako, na kila unapopeleka, weka nyingine kwako yenye tarehe na muhuri. Mashirika yasiyo ya kiserikali hulipa vizuri zaidi, ila kwa mikataba ya miezi michache. Hospitali na mahakama za watoto nazo zinahitaji watu wa namna yetu. Katika mafunzo yako ya vitendo omba kwenda mahali pawili tofauti, ujue ni wapi moyo wako unatulia.

Familia nazipokea alasiri mbili kwa wiki. Malipo yangu ni bei ya meka mbili za unga, yaani vipimo viwili vya sokoni, na mume na mke kila mmoja analipa meka yake, kabla hatujaanza. Asiyekuwa na kitu halipi, na mwenzake pia simtozi. Hakuna anayeweza kuniambia kikao ni chake.

Mchumba wako ameuliza swali zuri kuliko wote. Mwambie nimesema hivyo. Siri zinabebwa kweli, nazo ni nzito. Mume wangu alishawahi kusimamishwa sokoni na mwanaume aliyemuuliza, "Mke wako amekuambia nini juu yangu?" Alikuwa hajui hata jina lake, na mtu yule hakuamini. Mume wangu alirudi nyumbani na hasira, akitaka angalau ajue anachotuhumiwa kukijua. Sikumwambia. Tulilala tumegeukiana migongo. Asubuhi aliniambia amefikiri: kama ningemwambia ya yule, basi na ya kwetu ningeweza kuyasema kwa wengine. Tangu hapo haulizi. Sikupokei kwa maneno matamu, binti yangu: ulikuwa usiku mbaya, na utakuwa nao wako.

Nina mambo mawili yanayonisaidia. Nikitoka kwenye vikao, siingii nyumbani moja kwa moja. Nakaa kwa mama mmoja muuza munkoyo, kinywaji cha mahindi, karibu na kona yetu, nakunywa kikombe kimoja, sisemi, naangalia watu wakipita. Watoto wangu walipokuwa wadogo walikuwa wananiona kwa mbali na wanangoja. Na mara moja kwa mwezi nakutana na mwenzangu wa kazi hii. Tunaelezana yaliyotushinda bila kutaja majina, mitaa wala makabila, na yeye ananiuliza maswali ninayowauliza wengine. Mtafute mtu kama huyo tangu sasa, kati ya wale unaosoma nao, kabla kila mmoja hajaenda zake. Asiwe mchumba wako.

Na baba. Usimtetee kazi yako mbele yake, utashindwa, maana hajakuuliza juu ya kazi yako. Chagua jioni moja ambayo umeme umekatika na hakuna redio, wakati mama amemaliza kupika bukari, yaani ugali, na watu hawana pa kwenda. Muulize alikuwa idara gani kule Gécamines, alianza lini, mashine gani alikuwa akiipenda. Akifika mwaka 2003, usimharakishe, wala usijaze kimya chake. Jioni hiyo usitaje masomo yako hata mara moja.

Kisha niandikie alichosema, au usiniandikie, kama ataomba kibaki kati yenu.